Mgeni Asipikiwe Wali

Mtu wa Dar es Salaam akisema Julai kuna baridi, ana maana ya asubuhi mbili tatu za kuchemsha maji ya kuoga na feni iliyozimwa usiku. Mbinga mwezi huohuo ni habari nyingine. Kipupwe kikishika, kuanzia mwisho wa Mei hadi Agosti, ukungu hukaa mabondeni mpaka jua lipande, usiku joto hushuka jirani na nyuzi 10, na gesti yoyote inayojiheshimu huweka mablanketi mawili kitandani bila kuombwa. Makoti ya mitumba yaliyoshonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya yanapata huku kazi yao halisi. Utamwona mtu anachuma kahawa amevaa koti ambalo Kariakoo lingechekwa.

Wenye uwezo miongoni mwetu wakitaka baridi hupanda ndege. Wengine husubiri Desemba waende Moshi, ambako Desemba ni jua tu. Mimi napigia debe likizo ya Juni na Julai Umatengo, milimani Mbinga, mkoani Ruvuma. Baridi ni sababu moja, wala si kubwa. Kubwa ni kwamba huo ndio msimu wa mavuno: maharage yamekomaa, mahindi yanakauka shambani, kahawa inaiva. Na ukishuka kilomita 66 kutoka Mbinga mjini unaingia Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako unga ni wa muhogo, kitoweo ni samaki, na koti linarudi begini. Asubuhi umeota moto, mchana umeogelea, na njiani umevuka mpaka mmoja tu wa wilaya.

Kufika si kazi kama zamani. Mabasi ya kutoka Dar hupita Iringa, Makambako na Njombe hadi Songea. Anayetaka kuiona kusini yenyewe hupita Lindi, Masasi na Tunduru, njia ambayo sasa ni lami. Kutoka Songea unaendelea Mbinga kwa lami vilevile. Kipande cha Mbinga hadi Mbamba Bay, ambako masika gari liliweza kulala njiani na abiria wake, nacho kimewekewa lami miaka hii ya karibuni. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, lakini mgawanyo huo haujafika sokoni: maharage bado yanashuka na dagaa bado wanapanda.

Anza mlimani. Toka mjini uelekee Litembo au Mbuji, ambako kuna jiwe kubwa ambalo vijana watakupandisha kwa malipo madogo na hadithi nyingi, kisha utazame miteremko. Ukiwa ng'ambo ya bonde utadhani mlima umefunikwa kwa sega la nyuki. Hayo ndiyo mashamba ya ngoro. Februari na Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga kwa mistari inayokatizana hadi ikafanya miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi zile. Katikati linabaki shimo, pande nne linabaki tuta, na maharage hupandwa kwenye tuta. Mvua ikija kwa nguvu, maji hayana pa kukimbilia. Huingia shimoni, hutulia, hunywewa na ardhi, na nyasi zilizozikwa huoza zikawa mbolea. Maharage yakishang'olewa, shamba hungoja hadi Novemba au Desemba, ndipo mahindi yanapopandwa kwenye matuta yaleyale.

Ufundi huu una zaidi ya miaka 100. Katika karne ya 19 Wangoni waliingia kutoka kusini na kuiteka nchi ya chini, Wamatengo wakabanana kwenye milima mikali ambayo ukiilima ovyo, mvua za msimu mmoja zinakuachia mwamba mtupu. Kwa hiyo walilima kwa akili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikuja kuchunguza ngoro katika miaka ya 1990, wakakuta inazuia mmomonyoko na kulinda rutuba. Hakuna bibi wa Litembo aliyeshangaa.

Mimi ngoro naitaja kwa sababu ya tumbo. Maharage utakayokula Mbinga Julai yametoka kwenye matuta hayo wiki chache tu zilizopita, na maharage mapya ni chakula kingine kabisa. Huiva upesi, hayadai magadi, na mchuzi wake huwa mzito wenyewe bila kupondwa. Yachemke kwenye chungu juu ya mafiga, yatiwe chumvi na kitunguu, basi. Anayetaka nazi amekuja na mazoea ya Pwani. Si dhambi, ila anaifunika ladha aliyoisafiria. Ugali wake uwe wa dona, unga wa mahindi ambayo hayakukobolewa, na pembeni majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Moshi wa kuni unaingia kidogo kwenye chakula. Uachwe uingie.

Kabla ya kula, togwa. Wanaoijua togwa ya chupa za plastiki za mijini hawajaijua. Uji wa mahindi hupikwa, ukapoa, ukatiwa unga wa kimea cha ulezi, kisha ukaachwa. Kimea huvunja wanga na kuleta utamu. Uchachu huja nyuma yake taratibu. Siku ya kwanza ni kinywaji cha watoto, siku ya pili kina ukali wa kuamsha ulimi, na baada ya hapo kila nyumba ina msimamo wake. Mahali penye joto safari hiyo huenda mbio. Kwenye baridi ya Umatengo togwa huchachuka polepole, kwa hiyo ya Julai hukaa na utamu wake muda mrefu zaidi, na hiyo ni sababu tosha ya kuja huku kipindi hiki.

Tatizo ni kwamba vyote hivi nilivyovitaja, mgeni hapewi.

Fika kwa mwenyeji uone. Kuku anakimbizwa uani, mtoto anatumwa dukani, mchele unachambuliwa kwenye ungo. Wali na kuku ndiyo heshima. Maharage, majani ya maboga, dagaa na ugali wa muhogo ni vya siku zote, na adabu inakataza kumwekea mgeni mezani vya siku zote. Hotelini mambo ni yaleyale kwa sababu nyingine: mpishi ameamini kwamba mtu wa kutoka Dar anataka chipsi, kuku wa kisasa na soseji. Mahali pamoja niliuliza, "Mama, maharage yapo?" nikajibiwa kwa upole kwamba yapo, lakini ni ya wafanyakazi. Nikaomba sahani ya wafanyakazi. Ililetwa ikiwa imefunikwa kwa sahani nyingine, jirani wasione.

Wala tusimcheke mama yule. Nchi nzima tunafanya hivyo. Mchaga atakuficha kiburu, Mmakonde atakuficha ming'oko, na mgeni ataondoka akiwa amekula wali wa mkoa mwingine na kuku wa mkoa mwingine, akidhani amepajua mahali. Hoja yangu Umatengo ni kubwa zaidi kwa sababu huko hakukuwa hivyo.

Ulikuwapo utaratibu ulioitwa sengu. Jioni wanaume wa ukoo na vijana wao walikusanyika kwa mzee wa ukoo. Kila mke alileta alichokipika jikoni mwake, na vyote vikaliwa pamoja. Yatima alipata humo, mpita njia alipata humo. Baada ya kunawa yalizungumzwa mambo ya ukoo: mpaka wa shamba, mahari, ugomvi, kijana aliyeanza uvivu. Wanaoisimulia sengu huisifia malezi na usuluhishi, na wana haki. Mimi naiona faida nyingine. Ambapo chungu cha kila nyumba kinafunuliwa mbele ya wote kila jioni, hapawezi kuwapo chakula cha kuonea aibu. Mgeni aliyeketi sengu alikula walichokula wenyeji kwa kuwa hapakuwa na sahani nyingine.

Sengu ilififia kadiri kahawa ilivyoingiza fedha ya mtu mmoja mmoja na kila nyumba ikaanza kula kivyake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chuo cha Sokoine, kwa msaada wa shirika la Japani la JICA, kilianza kazi ya maendeleo vijijini Umatengo, kikiwamo kijiji cha Kindimba, na jina hilo likafufuliwa kuitia kamati ya kijiji ya kusimamia shughuli hizo. Ni jambo jema. Ningependa na vyungu vifufuliwe.

Kahawa yenyewe, aina ya arabika, ilianza kupandwa milima hii katika miaka ya 1920. Imejenga nyumba za matofali, imesomesha watoto, na imewahi kuwavunja watu moyo: chama kikuu cha ushirika cha MBICU kilipoporomoka miaka ya 1990, na bei ya dunia ikaanguka baadaye, wapo walioitelekeza mibuni yao porini. Sasa vyama vya msingi vimerudi kufanya kazi, na ukipita Julai utakuta familia nzima shambani. Huchumwa nyekundu peke yake. Siku hiyohiyo humenywa kwa mashine, huvundikwa, huoshwa kwa maji ya mlimani, kisha huanikwa kwenye vichanja na kugeuzwageuzwa mpaka ikauke ndani ya ganda lake jembamba. Mgeni si kwamba anaruhusiwa tu kusaidia kuchuma, anatarajiwa. Atachekwa kidogo akichuma za kijani.

Lakini omba kikombe cha kahawa mjini uone vituko. Mji ambao kahawa yake inasafirishwa hadi ng'ambo utakuletea chupa ya chai ya tangawizi, na ukisisitiza, kikopo cha kahawa ya kiwandani na kijiko. Dawa ni ileile ya maharage: uliza nyumbani. Wapo wanaokaanga kidogo ya kwao kwenye kikaango na kuitwanga kwenye kinu, na kikombe hicho saa moja asubuhi, ukungu ukiwa bado mlangoni, kina thamani kuliko hoteli nzima.

Kwa wasioikataa, nyama ya nguruwe ni sura nyingine ya Mbinga. Nguruwe hufugwa bandani nyuma ya nyumba, samadi yake inaenda kwenye mibuni, na yeye mwenyewe anaishia kwenye kikaango cha kitimoto pamoja na ndizi na pilipili. Komoni, pombe ya mahindi, ipo pia. Inanywewa kwa kuketi, si kwa kupita.

Sasa shuka. Barabara inazunguka milima, masikio yanaziba, koti linavuliwa, kisha jasho. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo kutoka Mbinga mjini umeteremka zaidi ya mita 800. Kahawa inatoweka, miembe na mashamba ya muhogo yanashika zamu. Kisha maji, ya buluu mpaka upande wa pili usioonekana vizuri, wa Malawi. Kina chake kinafika mita 700 hivi, na ndani yake mna mamia ya aina za samaki wasiopatikana ziwa lingine lolote duniani. Wale wadogo wa miambani, wenye rangi ya samawati na njano, wanauzwa Ulaya kwa ajili ya matangi ya sebuleni; visiwa vya Hongi na Lundo ni mahali pa kuwatazama bure, ukiwa na mtumbwi na mtu anayelijua ziwa.

Chakula cha huku kinafuata mwezi. Dagaa wa Nyasa huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa taa ya mvuvi haina kazi mbalamwezi ikiangaza. Karabai zinapungua, taa za sola zinaongezeka, lakini kanuni ni ileile: wiki ya mwezi mpevu soko hudorora. Kwa hiyo atakayepanga likizo yake na atazame kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi. Kuna na upepo. Mwera, upepo wa kusini unaovuma miezi hiyohiyo ya kipupwe, huamsha mawimbi makubwa ziwani, na siku zake kali mitumbwi haitoki. Siku hiyo utakula dagaa wakavu, na si adhabu.

Dagaa wabichi ndio waliotoka majini alfajiri. Wanaoshwa, wanatiwa chumvi na ndimu, wanakaangwa wazima na vichwa vyao mpaka wakakakamaa. Au wanachemshwa na nyanya na kitunguu, mchuzi ukabaki mwepesi. Watu wa Mwanza watanisamehe, lakini dagaa wa Nyasa hana ule uchungu na mchanga unaowalazimu wengine kuoshwa mara nne. Wa kukausha huanikwa kwenye vichanja au juu ya mchanga, na mfanyabiashara mzuri atakuambia mwenyewe ni wapi.

Naye dagaa bila ugali wa muhogo amekosa mwenzake. Muhogo mchungu humenywa, huloekwa majini siku kadhaa hadi ulainike na kuachia sumu yake, huanikwa ukawa makopa, kisha hutwangwa. Unga ni mweupe kuliko sembe. Ugali wake unavutika, unateleza, una harufu ya mbali ya uchachu, na asiyeuzoea hudhani haujaiva. Mpe siku mbili. Tonge lake halimong'onyoki kwenye mchuzi wa samaki, linauchota na kurudi nao wote. Ugali wa mahindi hauwezi hivyo, na nasema haya nikijua nitakachoambiwa nikirudi mlimani.

Perege wapo pia, wa kuchoma na wa kuchemsha. Mbasa ni habari ya tahadhari. Ni samaki mrefu wa fedha, mwenye nyama tamu na miiba mingi, ambaye huacha ziwa na kupanda mito kwenda kutaga, mto mkubwa wa upande huu ukiwa Ruhuhu, unaoingia ziwani karibu na Lituhi. Anapopanda ndipo anapotegwa, na amepungua sana. Ukimkuta sokoni Mbamba Bay utatamani. Mimi nilimla zamani na ninamkumbuka vizuri. Sasa naagiza perege.

Tukiwa kwenye tahadhari: usiogelee karibu na midomo ya mito, kwa sababu mamba wa Ruhuhu si hadithi. Kichocho kipo kwenye maji yaliyotuama yenye majani, hivyo chagua ufukwe wa mchanga na mawimbi. Chandarua ambacho mlimani hukukihitaji, huku kifunge kabla ya magharibi.

Anayetaka kumaliza chakula kwa hadithi aende kaskazini hadi Liuli, mji mdogo wa misheni ya Kianglikana wenye hospitali yake. Wajerumani waliita bandari hii Sphinxhafen kutokana na mwamba uliowakumbusha sanamu ya Misri. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya kamanda Rhoades, ilitokea hapa na kuipiga mzinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kufanyiwa ukarabati. Kapteni wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, walikuwa wakinywa pamoja, na habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Alipanda mashua akaenda kumgombeza rafiki yake kwa mchezo huo mbaya, akajikuta mateka. Ndivyo Vita Kuu ya Kwanza ilivyoingia ziwani. Karibu na hapo liko Jiwe la Pomonda, ambalo wenyeji husimulia kuwa lilikuwa maficho ya wazee wao wakati wa vita na Wangoni.

Mbamba Bay inajengewa bandari mpya, na meli ya MV Mbeya II inaiunganisha na bandari za Kyela upande wa kaskazini. Hoteli zitafuata, na wawekezaji wake watatoka mbali. Naomba jambo moja la bei rahisi: kabla ya kuchapisha menyu, watembee jioni moja nyuma ya soko, waone wapakuaji wa mizigo wanakula nini na mama anayewapikia anafanyaje, kisha wamwajiri. Mgeni aliyesafiri siku nzima kutoka Dar hakuja kula kile alichokiacha mtaani kwake. Halmashauri zote mbili, ya mlimani na ya ziwani, zinatangaza fukwe na mawe. Sijaona bango hata moja lenye sahani.

Wakati wa kurudi, nunua maharage Mbinga, si Songea, na umuulize muuzaji kama ni ya mwaka huu. Ya mwaka jana huchanganywa humo na utayagundua jikoni, yakiwa magumu wakati wenzake wameshapasuka. Dagaa nunua Mbamba Bay asubuhi, wale ambao ukiwavunja wanatoa sauti. Wafunge kwenye mifuko mitatu, ndoo yenye mfuniko juu yake, na umweleze kondakta mapema, maana abiria wa kiti cha nyuma watajua tu mkifika Njombe.